Mwaka wa Difu na Kilima cha Vua Viatu

Juzi tulimzika Fundi Kasiani. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Somanga, ninakoishi siku hizi, na tulipoiacha Mchinga nyuma nikamwambia binti aliyekaa kando yangu, “Angalia sasa, tunakaribia Vua Viatu.” Akaondoa macho kwenye simu, akachungulia dirishani. “Wapi, babu?” Nilipogeuka kumwonyesha, tulikuwa tumeshakipita. Dereva hakubadili hata gia. Lami imekilaza kile kilima kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba, na mtoto wa leo hana sababu ya kujua kwamba kiliitwa Vua Viatu kwa kuwa kila abiria aliyefika pale wakati wa mvua alivua viatu, akakunja nguo, akasukuma. Lakini moyoni nilikipanda chote upya, bonde kwa bonde, mpaka tukaingia Lindi.

Msibani tulikaa mkekani, nyuma ya nyumba yake ile ile ya mtaa wa Mtanda, ambayo niliwahi kulala kwenye stoo yake, na baada ya mazishi ukaletwa wali na maharage. Watu wakishakula msibani huanza kumkumbuka marehemu kwa vichekesho, ndivyo tulivyo. Mmoja akasema Kasiani ndiye fundi pekee wa ukanda huu aliyewahi kuchomelea difu ya mbele, ule mtambo wa kugawia tairi nguvu. Mwingine akadai difu tuliyoifunga baadaye ilitoka kwenye kifaru cha jeshi. Wa tatu, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, akaapa kwamba niliiokota baharini. Nikawaacha wacheke, maana marehemu mwenyewe angecheka kuliko wote. Ila niliporudi nyumbani niliona si vizuri habari ile ibaki mikononi mwa waongo, hata wakiwa waongo wazuri. Mwaka ule ndio ulionifanya mtu, basi acha niuseme mwenyewe.

Ilikuwa enzi za ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, nguo za mitumba zimepangwa mpaka kwenye vibaraza vya misikiti, na mashirika ya umma yanakufa moja moja. Mjomba Bakari alikuwa dereva wa lori la shirika lililokuwa likibeba korosho. Shirika lilipofungwa, alichukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo la Kijapani, lililotumika kwa wenyewe huko, refu nyuma kama la kubebea maiti, rangi ya maziwa. Lilipitia Unguja, likapitia Dar, likaingia kwetu Mchinga siku ya Ijumaa baada ya swala. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, leseni aliyonisimamia yeye mwenyewe, na kichwa kilichojaa mipango kuliko akili. Niliona tayari jina la kijiji chetu limeandikwa ubavuni. Niliona mama zetu wanakwenda Lindi na kurudi siku hiyo hiyo, wamekaa, si wamening'inia kwenye magunia ya lori.

Watu walilizunguka mbele ya duka. Kisha mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo akalala chali, akaingiza kichwa chini ya gari. Akakaa huko akipapasa vyuma. Alipotoka alikuwa na uso wa kutoa taarifa ya kifo.

“Bakari, wamekuibia. Propela hakuna.”

“Hakuna vipi?”

“Lala mwenyewe uone. Huku kati kutupu. Bandarini hao! Wezi wale wamefungua propela yote!”

Mjomba, na kanzu yake ya Ijumaa, akalala chali kwenye mchanga. Kweli, ule mwanzi mrefu wa chuma unaotoka mbele ya lori kwenda kusukuma magurudumu ya nyuma haukuwepo. Watu wakaanza kumpa pole. Mtu akauliza, “Sasa bila propela limefikaje hapa kutoka Dar?” Mwingine akajibu papo hapo, “Kwa mteremko.” Kicheko kilichopigwa pale kilimsaidia Mjomba kuinuka na kujikung'uta mchanga. Ndipo alipofungua boneti, akatazama injini iliyolala kimshazari, akafuata vyuma viwili vifupi vikienda moja kwa moja kwenye tairi za mbele, akasema polepole, “Kumbe linavuta. Halisukumi, linavuta.” Kwetu gari la kuvutwa na tairi za mbele lilikuwa jambo geni kama mtu anayetembelea mikono.

Kiangazi chote lilifanya kazi bila kunisumbua. Mvua za vuli zilipoanza, Vua Viatu kikalikataa. Siku ya kwanza nilikuwa nimebeba abiria na vikapu vya samaki wakavu, na miongoni mwa abiria alikuwepo Bi Mwanaidi, jirani yetu, na mjukuu wake mgongoni, mtoto ana homa inayomtetemesha. Katikati ya kilima tairi la kushoto likaanza kuzunguka kama cherehani, na la kulia limetulia tuli kama limekuja kutazama. Wanaume wakashuka, viatu wakashika mkononi. Mmoja wao akatoa amri kwa sauti ya mzoefu, “Wanene wote nyuma! Lipeni uzito nyuma!” Hivyo ndivyo lori lilivyowafundisha: tairi za kazi ni za nyuma, basi kalieni nyuma. Wakajazana kwenye buti, pua ya gari ikapanda juu, na tairi la mbele likazidi kuimba. Nami, kwa ujinga wangu, niliwashukuru.

Bi Mwanaidi alingoja, akangoja tena. Kisha akakaza kanga iliyombeba mtoto. Nikamwambia, “Bibi, subiri kidogo, tunatoka sasa hivi.” Akalitazama gari, akanitazama mimi, bila hasira yoyote. “Gari lako zuri, baba. Lakini hili la Mungu linatembea,” akasema, akipiga goti lake. Akaondoka na mvua ile, miguu mitupu, kuelekea Lindi. Mtoto alipona, na siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini mimi sikupona upesi. Ningetukanwa ningesahau. Yule niliyempa kiti cha mbele, nikamfungulia mlango kwa mbwembwe, niliuona mgongo wake ukipotea kwenye kona, na tairi langu bado linazunguka bure.

Jioni ile nilikuwa uani kwa Mjomba, nanawa mikono nile mihogo niliyowekewa, pazia tu kati yangu na sebule. Nikamsikia Mjomba anamwambia mkewe, “Yule bwana wa Dar aliyeniomba nimuuzie gari bado analitaka. Nitampa. Yeye ana lami yake.” Mkewe akauliza juu yangu, “Na Sele je?” Mjomba akajibu, “Sele atashika jembe. Jembe halitelezi.” Mihogo ile sikuila. Niliinua pazia na mikono yangu ikichuruzika maji, nikasimama mbele yao.

“Mjomba, nipe mpaka masika.”

“Masika?” Akacheka kwa pua. “Vuli imekushinda, utayaweza masika, mpwa wangu?”

“Nipe tu.”

Mjomba wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dereva, na dereva hapendi kuona gari linaaibika. Alifikiri, akasema maneno ambayo nilitembea nayo miezi ile yote: “Mvua kubwa ya kwanza ya masika nitapanda mwenyewe, na abiria kamili. Tukifika Lindi bila mtu kushuka kusukuma, gari litabaki, na wewe ndiye dereva wake. Akishuka hata mmoja, yule bwana atakuwa stendi ananingoja, namkabidhi ufunguo pale pale.” Mkewe akasema, “Haya, umesikia.” Nikasema nimesikia.

Kesho yake, mvua ilipopumzika, nikalipeleka gari Lindi kwa Kasiani. Alikuwa Mmakonde wa kule juu kwenye nyanda, ambako hata bonde si bonde, kama alivyopenda kutania. Mkristo, mtu wa misa kila Jumapili, aliyekuwa fundi wa shirika lile lile la Mjomba kabla halijafa. Gereji yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mapipa yaliyopasuliwa, na nyuma yake nyumba ya vyumba vitatu. Mimi nilipewa stoo: kitanda cha kamba, madumu ya oili chafu, na juu ya dari makopa ya muhogo yamehifadhiwa, hata usingizi wangu wa mwaka ule naukumbuka kwa harufu mbili, grisi na unga. Mchana tulikula pamoja chini, sinia moja: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na samaki pale nilipotoka nao Mchinga. Kasiani alifundisha akila. Alikuwa na watoto wawili, Anjela anayekula polepole na mdogo wake anayekula kama anafukuzwa.

“Sikiliza, Sele. Injini inapika nguvu. Difu ndiyo inagawa, tairi hili na tairi hili. Lazima igawe, kwa sababu kwenye kona tairi la nje linakwenda mbali kuliko la ndani. Sasa hii yako ni baba mjinga. Akiona mtoto mmoja anacheza tu, hana kazi, anateleza kwenye tope, huyo ndiye anammiminia chakula chote. Yule aliye pakavu, anayeweza kulima, anakufa njaa.”

“Kama wewe tu,” akasema Mama Anjela, akimsogezea Anjela kipande cha samaki ambacho mdogo wake alikuwa ameshakilenga.

“Umeona? Hata mke wangu anaijua difu.” Akanawa. “Mimi nitamaliza ugomvi. Nawachomelea. Wakigandana pamoja, hakuna wa kucheza.”

Alikuwa ameshachomelea difu za malori yaliyoingia mashambani kuchukua korosho, na hakuna aliyelalamika. Tukashusha giaboksi, akayachomelea yale meno ya kati, tukapandisha. Kwenye mchanga wa ufukweni gari lilikwenda kama limefukuzwa na nyuki. Tairi zote mbili zinachimba, mimi napiga kelele za furaha, Kasiani ananifuata kwa miguu akipunga spana. Nilijiona nimeshinda. Kisha nikaingia mjini, kwenye kale kakipande ka lami, nikakata kona ya stendi. Usukani ukanikatalia. Nauvuta kulia, gari linataka kwenda mbele. Tairi linalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na mbele yangu kuna muuza kahawa na birika lake juu ya makaa. Yule mzee hakukimbia. Aliinua birika, akainua kopo la vikombe, akasogea pembeni kwa heshima, akaniachia makaa. Nikayakanyaga. Halafu chini ya miguu yangu kikalia kitu, “Pa!”, na gari likalala. Ekseli imekatika.

“Dereva!” akaita muuza kahawa, birika bado juu. “Nikuwekee kashata?”

Kasiani alikuja akifuta mikono. Akachuchumaa, akaitazama ile ekseli iliyovunjika, akatikisa kichwa. “Nyuma inasukuma tu, haijali. Mbele inavuta na bado inatakiwa igeuke. Mimi nimeifunga kama lori.” Hakutafuta wa kumlaumu, wala hakujifanya alijua. Akasema, “Tunataka difu inayobana inapotakiwa na kuachia inapotakiwa. Nimesikia zipo. Kwenye magiaboksi yanayotoka Japani, ya yale magari ya vijana wenye haraka. Nenda Dar, mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri.” Mama Anjela akaifunga ekseli yangu nzima iliyobaki kwenye kanga yake kuukuu, niende nayo nijaribishe meno yake kwenye giaboksi nitakayoiona. Njia nzima niliipakata. Mama mmoja kwenye basi akaniuliza kama napeleka kinyago kuuza. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Leo nikimweleza kijana kwamba nilikwenda Dar es Salaam, nikatembea Gerezani kutwa na mzigo wa chuma mgongoni, kuchagua kitu ambacho sijawahi kukiona, ananionea huruma. Hapana. Sijawahi kuwa na furaha ile. Nilikuwa na swali moja tu duniani, na kila mlango niliobisha nililiuliza hilo hilo. Nilicheka na watu, nilitaniwa kwa lafudhi yangu, niliitwa “Mmachinga” kila kona, na jibu langu lilikuwa, “Ndiyo, wa huko huko, sasa nionyeshe giaboksi.” Mwishowe nikafika kwa bwana aliyeitwa Shomari, chumba chenye giza ambamo magiaboksi yamepangwa ukutani kama mihogo sokoni. Akaipima ekseli yangu, akatoa mbili zilizoikubali. Zote za injini ya ukoo mmoja na yangu, na zote, alisema, zina difu ya kubana, lakini kila moja inabana kwa namna yake.

Ilikuwa saa ya chakula. Akanikaribisha chapati na maharage, tukala tumekaa juu ya mabloku ya injini, na shemeji yake akaingia, mtu mwembamba aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano. Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni binti anayepangiwa mahari.

“Mpe ya sahani,” alisema shemeji. “Hii ndani ina sahani zinazosuguana kama za klachi. Hata tairi moja likiwa hewani, jingine linavuta. Hiyo ndiyo ya wanaume.”

“Ya wanaume wa mashindano,” akasema Shomari. “Wewe ulikuwa unazibadilisha sahani zile kila baada ya muda gani? Na oili yake maalumu, Lindi ataipata kwa nani?”

“Ataagiza.”

“Na usukani? Waambie ukweli watoto wa watu. Ya sahani mbele inauvuta usukani kama ng'ombe aliyeona majani. Ukitoka pakavu ukaingia tope inakunyang'anya.”

“Unashika kwa nguvu.”

“Siku nzima?” Shomari akanigeukia. “Sikia, mdogo wangu. Hii nyingine ni ya meno matupu. Hakuna sahani. Oili yake ya kawaida, haina kelele, haichoki upesi, na kwenye kona hutajua kama ipo. Lakini ina tabia yake. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba: upande wa pili lazima awepo mtu. Hata awe mtoto, basi. Nguvu ya yule mtoto inakuzidishia wewe. Asipokuwepo mtu kabisa, tairi likining'inia hewani, kamba inalegea, unaanguka chali.”

Nikatafuna chapati yangu nikifikiri. Kichwani niliendesha njia yote, kutoka dukani kwetu mpaka stendi ya Lindi. Kilima ni kifupi. Njia ni ndefu. Nikijichagulia difu ya siku ya kilima peke yake, siku nyingine zote nitapigana na usukani huku nimebeba wazee na wajawazito, na sahani zikiisha nitakuwa nimerudi pale pale. Nikauliza, “Tairi likigusa tope, hata tope laini, linahesabika kuwa ni mtoto?” Shomari akasema linahesabika. Shemeji yake akaguna. Nikasema, “Basi nipe ya meno.” Giaboksi yangu iliyoharibika, iliyobaki Lindi, tulikuwa tumekwisha kubaliana nimtumie kwa basi, na juu yake niliongeza akiba yangu yote ya korosho za msimu, akanipa na ekseli ya kufidia ile iliyokatika. Nilirudi Lindi mfuko mtupu na moyo umejaa.

Kasiani aliipokea juu ya gunia. Akachomeka ekseli moja, akaizungusha kwa mkono, macho yake upande wa pili. Upande wa pili ukazunguka kinyume, taratibu, bila ubishi wowote. Ndivyo difu ya kawaida inavyofanya. Akajaribu tena. Akanitazama, na jinsi alivyopunguza sauti ndivyo nilivyoogopa.

“Mwanangu, wamekuuzia ya kawaida.”

“Haiwezekani.”

“Tazama mwenyewe. Haibani.”

Vijana wa gereji ya jirani wakasogea, mmoja akaanza kuimba nyimbo za mtu aliyekwenda Dar na shati akarudi bila. Mimi nikakumbuka kamba. “Fundi, huo mkono wako unavuta bure. Upande wa pili hakuna mtu.” Nikachomeka ekseli ya pili, nikaishika kwa nguvu zangu zote. “Sasa zungusha.” Akazungusha. Akakaza. Ikambania, shingo ikamtoka mishipa. Hakutosheka, akaifungua. Ndani hapakuwa na yale meno manne tuliyoyazoea, bali vigurudumu virefu vyenye meno ya mshazari, vimelaliana kama ukili kwenye mkeka. Kasiani akavipapasa kwa kidole, akaita, “Mama Anjela! Njoo uone watu walivyokaa wakafikiri!” Mama Anjela akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema, “Haya, funga, ugali unapoa.”

Masika yalikuja mapema mwaka ule. Mvua ilinyesha mfululizo, na asubuhi moja Mjomba akatokea mbele ya duka na koti lake la zamani la shirika, akakaa kiti cha mbele. Shikamoo yangu aliijibu, basi. Abiria wakajaa, wengi wao wakiwa wamekuja makusudi, maana kijiji kizima kilijua masharti. Nikawaambia jambo moja: “Itokee nini itokee, asishuke mtu.” Tukaondoka. Mabondeni gari lilikwenda vizuri, usukani mwepesi, tope linaruka, nikahisi kitu kipya mikononi, tairi linataka kuteleza kisha linaghairi. Tukafika Vua Viatu. Nusu ya kwanza tulipanda kama tunavutwa na mtu aliye juu. Abiria wakaanza kunong'ona mashallah.

Kisha nikauona mfereji, maji ya asubuhi yamekula ukingo wa kushoto. Sikuwa na pa kukwepea. Tairi la kushoto likaingia utupu, likaning'inia, likaanza kuzunguka. Lile la kulia, kwenye changarawe nzuri kabisa, likatulia. Gari likasimama. Sauti ile ya cherehani naisikia hata sasa ninapoandika.

“Handibreki!” Mjomba akapiga kelele. “Nusu! Vuta nusu, kanyaga mafuta!”

Huo ulikuwa ujanja wa madereva wote wa malori wa pwani yetu, yeye ndiye aliyenifundisha: tairi la nyuma likizunguka bure, unalizuia kidogo kwa handibreki, nguvu inahamia kwa mwenzake. Nikavuta. Gari likazidi kukaza, likarudi nyuma kidogo, nyuma kukashikwa na mbele kunacheza. Huko nyuma mtu akafungua mlango. “Tushuke, jamani, tumwokoe kijana.”

“Asishuke mtu!” Sijui sauti ile niliitoa wapi. “Funga mlango! Njooni mbele! Lalieni viti vya mbele!”

“Mbele tena?”

“Mbele!”

Wakaja. Mama mmoja akamlalia Mjomba begani, kapu la dagaa likapita juu ya kofia yake, na Mjomba akasema “Subhanallah” ndani ya dagaa. Nami nikawa naitazama ile handibreki mkononi mwangu kana kwamba ni mara ya kwanza naiona. Inashika nyuma. Tairi za kazi ziko mbele. Nimemfunga kamba mtu asiyecheza. Upande wa kushoto, mbele, hakuna mtu wa kuvuta, ardhi imemwachia. Kama ardhi haimshiki, basi mimi nitamshika. Nikaishusha handibreki. Mguu wa kulia kwenye mafuta, na mguu wa kushoto, ambao maisha yake yote ulijua klachi tu, nikauweka kwenye breki. Nikakanyaga kidogo, kwa woga, huku naongeza mafuta. Injini ikanung'unika. Tairi la kushoto likapunguza wimbo. Nikaongeza breki kama unene wa shilingi. Ndipo kule chini nikasikia kitu kikibana, si mlio, ni kama mtu aliyekaza meno, na tairi la kulia likaamka. Likauma changarawe, likaivuta pua ya gari, sentimita, shibiri, hatua, tukatoka mfereji na watu wazima wamelaliana kama magunia, wakipiga kelele kila mmoja kwa lugha ya kwao, Kimwera huku, Kimachinga kule.

Juu ya kilima Mjomba akasema, “Simama.”

Nikasimama. Akatoa dagaa kwenye kola. Akashuka, akazunguka mbele ya gari kwenye mvua, akaja upande wangu, akafungua mlango. Nilidhani atajihesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye mtu aliyeshuka.

“Sogea,” akasema. “Hapa ni juu, hakuna anayesukuma. Nataka nijue kama ni wewe au ni bahati.”

Akaligeuza gari, akateremka Vua Viatu na abiria wote ndani wakimlalamikia, akaligeuza tena bondeni, akapanda. Alilipeleka makusudi kwenye mfereji ule ule. Tairi likaning'inia. Niliuona mguu wake wa kushoto unasitasita juu ya breki, mguu wa mtu aliyeendesha malori tangu kabla sijazaliwa, sasa unajifunza kazi mpya kama wa mtoto. Kwanza akakanyaga sana, injini ikataka kuzima. Akapunguza, akasikiliza, akaongeza. Difu ikabana. Tulipofika juu mara ya pili alikuwa anacheka peke yake, kofia imepinda, na harufu ya dagaa mwili mzima.

Stendi ya Lindi yule bwana wa Dar alikuwa anangoja kama walivyoagana, viatu vyake vyeupe juu ya tofali asichafuke, mkoba kwapani. Mjomba akamsalimu vizuri, akamkalisha kwenye benchi la mama ntilie, akamwagizia chai na vitumbua, akakaa naye mpaka amemaliza. Mimi nilisimama kando ya gari, sijui niketi au nikimbie. Bwana akafuta mdomo, akaunyoosha mkono wake kupokea ufunguo. Mjomba akaushika ule mkono, akautikisa kwa heshima kama wa mtu anayesindikizwa.

“Safari yako ilikuwa njema, ndugu yangu, na maneno yako yote yalikuwa sawa,” akamwambia. “Lakini huyu kijana kesho asubuhi ana abiria.”

Kisha akanitupia ufunguo.